Nimpe mwanangu Epictetus? Jibu kwa mama wa Mafinga

Swali: "Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kike ana miaka minane na wa kiume mitano. Tunaishi Mafinga. Kipindi biashara yangu ya mbao ilipoyumba, rafiki alinitumia kwenye simu maneno ya mwanafalsafa wa Kigiriki anayeitwa Epictetus, yakanisaidia kusimama. Natamani watoto wangu wayapate mapema, hasa huyu mkubwa ambaye akishindwa mchezo analia mpaka jioni, na wote wawili haipiti siku bila kugombana. Mume wangu anasema falsafa ni mambo ya chuo kikuu. Mama mkwe, ambaye ni mzee wa kanisa, anauliza kwa nini watoto wapewe maneno ya mpagani. Nianzie wapi?"

Dada yangu, anzia kwenye karanga. Jina la Epictetus linaweza kusubiri, na kwa huyu wa miaka mitano linaweza kusubiri mpaka aanze kulitafuta mwenyewe.

Katika mafundisho yake yaliyoandikwa na mwanafunzi wake Arrian, yupo mtoto aliyeingiza mkono kwenye chombo chenye shingo nyembamba kilichokuwa na tini na njugu. Akajaza ngumi, ngumi ikagoma kutoka, akaanza kulia. Epictetus anamwambia: achia chache, utautoa. Kisa chenyewe ndicho hicho, mistari michache tu, na kwa miaka niliyokaa nikiwafunda walimu wa madarasa ya awali huku Nyanda za Juu Kusini sijaona mlango mzuri zaidi wa kumwingizia mtoto mdogo falsafa ya Wagiriki.

Tafuta ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko. Kata tundu kwenye mfuniko, linalopitisha kiganja cha mwanao kikiwa kimenyooka na vidole vimebanwa pamoja, lakini lisipitishe ngumi. Pima kwa mkono wake mwenyewe, hata akiwa amelala, maana ukikisia tu mchezo utakufa. Ukingo uzungushie selotepu usimkwaruze. Weka karanga za kukaanga chini, bana mfuniko, mwambie: utakazozitoa ni zako. Wengi hugeuza ndoo juu chini hapo hapo, karanga zikamwagika. Wapongeze, hawajakosea. Kisha ongeza sheria: ndoo haigeuzwi, mkono ni mmoja.

Sasa ataingiza mkono, atashika za kutosha, atavuta, na ndoo nzima itainuka pamoja na mkono. Atakuangalia. Wewe nyamaza. Hapa ndipo wazazi na walimu wengi huharibu, wanakimbilia kusema "unaona sasa, tamaa mbaya". Ukisema hivyo mchezo umekuwa mahubiri, na mtoto atakusubiri tu umalize ili ale. Mwache ahangaike. Akipata mbili tatu, akarudia, akapata tena mbili tatu, ameshaelewa alichokisema yule mzee, na hajasikia hata neno moja la falsafa. Baada ya siku kadhaa usishangae akikuona umenuna kwa jambo fulani akakwambia, "Mama, achia karanga."

Ni vizuri yatoke kwake namna hiyo. Nikupe neno moja la kushika kuliko mengine yote humu: maneno ya Epictetus ni ya mtu kujiambia mwenyewe. Aliyasema mbele ya vijana waliofunga safari kwenda kumsikiliza. Yakitoka kinywani mwa mkubwa kumwendea mtoto anayelia, yanakuwa kitu kingine kabisa: "nyamaza" iliyovaa suti. Na sisi huku tayari tuna "nyamaza" za kutosha. Mtoto wa kiume halii, vumilia, mkubwa hakosei. Ukimwongezea mwanao na Mgiriki wa kumnyamazisha, utakuwa umemfunga mdomo kwa kamba ya pili.

Kwa hiyo kanuni yangu kwa walimu huwa hii: mtoto akiwa analia, hakuna falsafa. Mkumbatie, mpe maji, msikilize. Mazungumzo haya ni ya wakati wa kumenya viazi au kuota moto jioni, roho zikiwa zimetulia. Na kabla ya kumfundisha yeye, yasikike kwako. Basi la Iringa limechelewa nawe umesimama stendi na watoto: sema kwa sauti, kama unajisemea, "Basi si langu. Langu ni kumpigia shangazi nimwambie tutachelewa." Kisha piga. Watoto husikia zaidi yasiyowalenga.

Mumeo hajakosea sana. Epictetus jinsi alivyoandikwa ni mgumu, na wanafunzi wake walikuwa vijana wakubwa, wengine wakijiandaa kwa vyeo serikalini. Ila mafundisho yake yamejaa watoto: wanaocheza mpira, wanaosema "sichezi tena" wakaondoka, huyu wa tini na njugu. Aliwatazama watoto kwa makini. Ni chuo kikuu ndicho kilichoiweka falsafa mbali na jiko. Mtoto wako anayeuliza "kwa nini jana haitarudi" hajaambiwa na mtu kwamba hilo ni somo la digrii.

Kwa mama mkwe, mpelekee Biblia. Epictetus alizaliwa karibu mwaka 50 BK katika mji wa Hierapolis, ambao magofu yake yapo Pamukkale, Uturuki. Mji huo umo katika Wakolosai 4:13. Alikuwa mtumwa Roma, kwa bwana aliyeitwa Epaphroditus, aliyemtumikia Kaizari Nero. (Mwahi mapema kumwambia kwamba siye Epafrodito wa Wafilipi, maana mzee wa kanisa lazima atauliza.) Baadaye aliachwa huru. Kaizari Domitian alipowafukuza wanafalsafa Roma mwishoni mwa karne ile, alihamia Nicopolis, kaskazini magharibi mwa Ugiriki, akafungua shule. Fungua Tito 3:12 uone Paulo alipanga kwenda kukaa mji gani wakati wa baridi. Wafafanuzi wengi wanasema ndio huo huo. Na karne zilizofuata, watawa wa Kikristo waliuchukua mwongozo wake mdogo uitwao Encheiridion wakautumia katika nyumba zao za kitawa, na mahali palipotajwa mwanafalsafa Socrates wakaweka jina la Paulo. Mpagani alikuwa, alimtaja Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, mara nyingi, na hilo usimfiche mzee. Mwambie tu kwamba waliomtangulia katika imani walishayachambua maneno haya, wakabaki nayo.

Turudi kwa watoto. Sentensi ya kwanza ya Encheiridion inasema mambo mengine yako katika uwezo wetu na mengine hayako. Kwa binti yako wa miaka minane huu ndio moyo wa jambo. Chukua vikapu viwili, Iringa hamkosi vya milulu, kimoja kiitwe "langu" na kingine "si langu". Kata vipande vya boksi, mchore pamoja: ukungu wa asubuhi, umeme kukatika, mwalimu kuwa mkali, baridi ya Julai, kuvaa sweta, kumwomba mwenzio radhi, mbwa wa jirani kubweka, kusema uongo. Kila kipande kijadiliwe kabla hakijaingia kikapuni. Wa miaka mitano aruhusiwe kutupa tu ndani anavyotaka. Faida yake ni kukaa pale mnapojadiliana.

Vipande vingi vitapita haraka, na ukiona mchezo umekuwa rahisi sana toa hiki: kushika namba ya kwanza darasani. Hapo ndipo kazi inapoanza. Binti atasema ni langu, maana nikisoma nashika. Muulize: na mwenzio akisoma zaidi? Na ukiugua siku ya mtihani? Atakihamishia kule. Muulize tena: kwa hiyo kusoma hakuna kazi? Atakirudisha. Mwache akibebe huku na huko. Mwisho wake, na msifikie siku ile ile, ni kukichana kipande vipande viwili. Kufanya zoezi, kuuliza asipoelewa, kulala mapema, hivyo vinaingia "langu". Namba inaingia "si langu", kwa sababu inategemea wengine waliokaa kwenye madawati yale. Mkulima wa viazi wa Makete anaijua hesabu hii vizuri: sakitu, ile baridi inayounguza mazao, haimwombi ruhusa, lakini mbegu aliyochagua na siku aliyopanda ni vyake, na akivichezea hana wa kumlaumu.

Ukishachana kipande hicho, dada, na wewe umefungwa. Huwezi kumwambia Jumamosi kwamba namba si yake, halafu shule ikifungwa, ripoti ikiandika amekuwa wa 41 kati ya 96, ukaipokea kwa uso ulionuna. Nimewaona wazazi wakifanya hivyo, na mtoto huwa anajua papo hapo ni lipi kati ya hayo mawili wanaloliamini. Iangalie ripoti, kisha uliza daftari liko wapi.

Sasa kuna mahali ambapo nakuomba umwache Epictetus nyuma kabisa. Katika orodha yake ya mambo yasiyo katika uwezo wetu ameweka mwili. Alimaanisha kwamba ugonjwa na kilema havituombi idhini, naye mwenyewe alikuwa kilema wa mguu, alijua anachosema. Lakini mtoto wa miaka mitano au minane akisikia "mwili si wako", atasikia kitu kingine, cha hatari. Kwa watoto wako kipande cha mwili kiingie "langu" na kisihame: hakuna wa kuugusa vibaya, awe mjomba, mwalimu au mchungaji, na ikitokea anasema, hata akiwa ametishwa. Kadhalika kupigwa na kuonewa kusiingizwe kwenye mchezo kama ukungu na umeme. Tanzania tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kuna afisa ustawi wa jamii halmashauri, kuna dawati la jinsia na watoto polisi, na namba 116 hupigwa bure. Kumwambia mtu mzima ni jambo lililo katika uwezo wa mtoto, na lichorwe kwenye kipande chake.

Kwa sababu hiyo hiyo usiwasimulie kisa cha mguu, ambacho utakikuta kila mahali kwenye mtandao: kwamba bwana wake aliunyonga mguu, yeye akasema kwa utulivu "utauvunja", ulipovunjika akasema "si nilikwambia". Waandishi wengine wa zamani wanasema mguu uliharibiwa na ugonjwa, kwa hiyo hata ukweli wake una walakini. Lakini hata kingekuwa kweli tupu, mtoto angebaki na picha ya shujaa anayeumizwa na mkubwa huku amekaa kimya. Hatuitaki picha hiyo. Pia lipo neno lake kwamba ukimbusu mwanao ujikumbushe kuwa unambusu mtu wa kufa. Hilo lilinde kifuani mwako kama lilikusaidia. Watoto wasisikie.

Kuhusu utumwa, binti aambiwe ukweli, kwa ufupi: watu wengine walimfanya mali yao, na haikuwa haki. Akiuliza mbona hakutoroka, mwambie watumwa waliotoroka walikamatwa na kuadhibiwa vibaya. Asiondoke akidhani kwamba kwa kuwa mzee aliweza kuwa na amani ndani ya minyororo, minyororo haikuwa na ubaya.

Kisa ninachokipenda kwa umri huu ni cha taa, na wakati wake ni umeme ukikatika. Epictetus alikuwa na taa ya chuma. Usiku mmoja akasikia kelele, akatoka, taa haipo. Akasema kesho nitapata ya udongo. Watoto hawaridhiki, na wasiridhike. "Kwa nini hakumkimbiza?" "Kwa nini hakuita watu?" Wape nafasi. Kisha waongezee alichokisema mahali pengine: mwizi alinishinda kwa kukesha, lakini tazameni bei aliyolipa, kwa taa moja alikubali kuwa mwizi. Waulize wao wangekubali kuwa mwizi kwa shilingi ngapi. Utashangaa mjadala unavyowaka kati ya wa miaka mitano, ambaye bei yake huwa pipi, na dada yake. Na usiwaambie jibu sahihi. Ukitaka kuwachekesha, mwandishi Lucian anasimulia kwamba mzee alipokufa mtu mmoja aliinunua ile taa ya udongo kwa drakma 3,000 (fedha za Kigiriki), akitumaini kwamba akiisomea usiku atapata hekima.

Binti anayelia akishindwa ana dawa yake humo humo. Epictetus anasema wacheza mpira wazuri hawagombanii mpira wenyewe kana kwamba una thamani. Wanachokijali ni kuutupa vizuri na kuudaka vizuri. Mabinti wa umri wake huko kwenu wanacheza rede, sivyo? Basi mwulize akirudi mambo mawili: umekwepa vipi leo, na umerusha vipi. Usimwulize nani ameshinda. Atakwambia mwenyewe, na mwanzoni atakwambia kwa machozi. Pokea machozi, kisha rudi kwenye swali: ule mpira uliokupiga ulikuja upande gani? Akianza kukueleza kwa mikono jinsi alivyoruka akakosea mguu, ameshaingia kwenye ufundi, na huko kushindwa kunaongeleka. Itachukua muda. Anaweza kulia msimu mzima, na hilo nalo si baya. Kulia si kosa la kufutwa, tunachotaka ni machozi yasimtawale mpaka jioni.

Kwa ugomvi wao kuna mishikio miwili. Anasema kila jambo lina mishikio miwili, mmoja unabebeka na mwingine haubebeki. Ndugu yako akikukosea, usilishike jambo kwa upande wa "amenikosea", lishike kwa upande wa "ni ndugu yangu, tumelelewa pamoja". Vile vikapu vyenu vina mishikio. Mmoja ufungue, kisha uufunge tena kwa uzi mwembamba, jaza viazi, mwombe binti akibebe kwa ule. Utakatika, viazi vitatawanyika, kaka yake atacheka sana. Kisha akibebe kwa ule mzima. Siku mdogo atakapokuwa amevunja penseli yake ya rangi na joto limeshapoa, muulize tu: penseli hii umeishika kwa mshikio upi?

Angalizo hapa: kushika kwa mshikio mzuri hakufuti penseli. Mdogo aombe radhi, na penseli nyingine itafutwe, ikibidi kwa kuacha pipi yake ya Jumapili. Dada mkubwa katika nyumba zetu hubebeshwa mengi. Akiona kila mara yeye ndiye wa kugeuza kikapu na mdogo hadaiwi kitu, ataichukia falsafa na mdogo pia. Mgeuzie swali na yule mdogo, kwa lugha yake.

Usifanye haya yote wiki moja. Karanga kwanza, zikae. Vikapu vije shule zikifungwa. Taa ikisubiri umeme ukatike haitasubiri sana. Jina la mzee mpe binti siku atakapouliza "nani alisema hivyo?", na umwonyeshe Hierapoli kwenye Biblia ya bibi yake, bibi mwenyewe akisoma kwa sauti ni bora zaidi.

Mwisho jiandae, kwa sababu yatakurudia. Siku moja utamkemea, naye atakutazama kwa upole na kukwambia, "Mama, hasira yako si yangu." Usimpige kofi la adabu. Ameelewa nusu, na nusu hiyo ni sahihi. Mwambie, "Kweli, hasira ni yangu, nitashughulika nayo. Vyombo je, viko kikapu gani?" Halafu subiri aende kuviosha.